Bahasha ya Gego

Afisa masoko hakusema neno baya, na hilo ndilo lililomchoma Kijiko. Angesema tu, "Mzee, meno yako yanatisha," wangegombana, wangepatana, na kazi ingeendelea. Lakini yeye aliikuza picha kwenye kompyuta hadi mdomo wa Kijiko ukajaa kioo kizima. Akaitazama. Akaweka kidole gumba juu ya meno, akakiondoa, akakiweka tena.

"Baba," akasema kwa upole, "tukipiga nyingine, unaweza kutabasamu huku umefunga mdomo?"

Kijiko akajaribu. Meneja wa kiwanda, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti, akasema sasa anafanana na mtu anayepita forodhani na kitu kimefichwa mashavuni. Wote wakaangua kicheko. Kijiko naye akacheka, tena mdomo wazi, na kicheko cha wenzake kikakatika pale pale.

Jamani, tuseme ukweli. Yale meno yalikuwa ya kahawia, na si kahawia ya kufumbia macho. Mtu ameonja chai miaka thelathini na moja, vikombe sitini kila asubuhi: anachota kwa kijiko, anavuta kwa nguvu, fyuuu, anaizungusha mdomoni, anaitema kwenye ndoo, anatamka. Hii imekaa mno kwenye mtambo. Hii ilichumwa na mvua. Hii irudisheni mlikoitoa. Kijiko chenyewe alikitia mfukoni mwa shati, pale wengine wanapoweka kalamu, na jina likamganda hivyo hivyo. Kiwandani hakuna aliyewahi kuyatazama meno yake. Walikuwa wanasikiliza yanayotoka humo.

Sasa kiwanda kilikuwa kinatoa pakiti mpya, na wenye mali walitaka sura ya mwonjaji ikae mbele. Kijiko alikuwa anatimiza umri wa kustaafu mwisho wa mwezi. Meneja alimweleza bila kuzunguka.

"Sura itakayokaa kwenye pakiti siwezi kuistaafisha, mzee. Nitaipa mkataba wa miaka mitatu. Lakini picha ikikataa, nitamweka msaidizi wako."

Msaidizi huyo hakuweza kutofautisha chai ya juzi na chai ya mwaka juzi. Ila alikuwa na meno, lo, ungeweza kusomea gazeti.

"Tutarudia Jumamosi, mnunuzi mkubwa akija kututembelea," afisa masoko akasema, akamtilia Kijiko kadi ya daktari wa meno mkononi. "Siku hizi yanang'arishwa, baba. Saa moja tu na nusu. Hata hayaumi."

*

Nyumbani kwa Kijiko kulikuwa na vyumba vitatu, cherehani moja na watu watatu: yeye, mkewe na mama mkwe wake. Watoto walishaoa na kuolewa, walikuwa wanapiga simu tu. Mke alikuwa anashona sare za shule sebuleni, kwa hiyo sebule ilikuwa ya cherehani na watu walipita ubavu ubavu. Mama mkwe alikuwa na meno ya bandia, juu na chini, meupe pepepe, ambayo aliyavaa kwa kula nyama na kwa kupokea wageni. Muda mwingine yalikaa kwenye glasi dirishani yakiitazama familia.

Katika nyumba hiyo mwonjaji wa chai hakunywa chai. Mkewe alichemsha kila asubuhi, akawamiminia yeye na mama yake, na mumewe akampa kikombe cha maji ya moto. Mwanzoni mwa ndoa alimwuliza kwa nini. Kijiko akajibu kwamba mtu akishinda kazini na majani hawezi kuja kulala nayo. Jibu lilikuwa na mantiki. Ila mwanamke akimnywesha mtu maji ya moto miaka ishirini na tisa huku anajua mumewe ndiye mjuzi wa chai wa nchi nzima, haachi kujiuliza chai yake ina nini.

Basi, mke huyo alikuwa na gego. Gego la chini, kulia, lililotoboka tangu mwaka jana. Alikuwa anatafuna upande mmoja, analala upande mmoja, na maji baridi aliyanywa kichwa kimeinamia upande mmoja kama kuku. Kwa sare za muhula mzima alikuwa amejaza bahasha ya pesa, akaiandika kwa mkono wake GEGO ili asije akaigusa kwa jambo jingine, akaitia kwenye droo ya cherehani. Jumatatu ijayo alikuwa na miadi ya kuliziba.

Alhamisi asubuhi alikwenda kupeleka sare shuleni. Kijiko akafungua droo, akasimama na bahasha mkononi. Alijisikia vibaya, na tusimnyime haki hiyo. Alihesabu namna hii: nikikosa mkataba, nyumba nzima tutakosa magego. Nikiupata, nitamziba hilo na mengine yote. Akachukua bahasha, akaacha droo wazi kidogo, kama ilivyokuwa.

*

Daktari wa meno alikuwa kijana mwenye adabu, na miwani iliyokuwa na taa katikati.

"Unavuta sigara, mzee?"

"Sijawahi."

"Kahawa?"

"Siigusi."

"Chai je? Kwa siku vikombe vingapi?"

"Hata kimoja."

Wala hakuwa anadanganya! Mwulize mwonjaji yeyote. Chai uliyoitema hukuinywa, kama vile mwashi hawezi kusema amelala katika kila nyumba aliyoijenga. Katika miaka thelathini na moja, Kijiko alikuwa amemeza labda vikombe viwili, na kimoja ni kwa sababu alipaliwa.

Daktari akammulika kwa ile taa ya miwani hadi kooni, akatikisa kichwa. "Hii haiwezi kuwa ya juu juu basi. Mtu asiyegusa chochote! Hii rangi imetoka ndani ya jino lenyewe. Dawa ya kawaida haitafua dafu. Tutakupaka ile kali, tena mara tatu."

"Kwa bei ile ile?"

"Ile ile."

Kijiko akajilaza vizuri kwenye kiti, akaona leo amepata mtu wa maana. Akapakwa, akamulikwa kwa taa ya buluu, akapakwa, akamulikwa, akapakwa tena. Mwisho akapewa kioo. Akajitazama, akageuka kutazama nyuma yake kama kuna mtu mwingine.

"Kuna masharti?" akauliza.

"Wengine nawakataza chai siku mbili tatu. Wewe hunywi, kwa hiyo hatuna tatizo."

"Hatuna," Kijiko akasema, akatoka nje. Upepo ukamwingia mdomoni, na meno yote thelathini yakapiga kelele kwa pamoja.

*

Aliyemwona kwanza ni mama mkwe. Kijiko alimsalimia kwa heshima, "Shikamoo mama," na katika kuitikia yule bibi akamkodolea macho, akanyanyuka polepole, akaenda dirishani kuangalia kama meno yake bado yamo kwenye glasi.

Yalikuwamo. Akayahesabu hata hivyo.

"Marahaba, mwanangu," akasema alipoketi. "Hayo umeyatoa wapi?"

Kabla Kijiko hajajibu, mkewe akatoka chumbani na droo ya cherehani mkononi, droo nzima.

"Baba watoto, bahasha ya gego iko wapi?"

 Kijiko alifungua midomo kidogo, akaonyesha kwa kidole.

Mkewe aliyatazama yale meno kwa muda mrefu. Unajua mtu akitafuta kitu chake kwenye nyumba ya jirani anavyotazama? Hivyo. Kisha akaiweka droo chini.

"Mwaka mzima natafuna upande mmoja," akasema. "Mwaka mzima! Sare mia na arobaini. Vifungo kwa mkono. Na wewe unalijua, kwa sababu nikigeuka usiku unaniuliza gego limeamka? Halafu unakwenda kuyapaka rangi meno mazima, yasiyouma!"

Kijiko alikuwa na hoja tatu nzuri, alizipanga njia nzima. Lakini kila alipofungua mdomo hewa iliingia, na hewa ilikuwa sindano. Mwanamume akashindwa kugombana kwa sababu ya upepo. Akasema "Mm-mm." Akasema "Mmmh." Akapunga mikono. Mwisho akanyakua chaki ya kushonea na kitambaa cheusi kilichokuwa mezani, akaandika kwa herufi kubwa: NI KWA AJILI YA KAZI.

"Na hiyo ni suruali ya mtoto wa watu!" mkewe akafoka, akampokonya, akaanza kuikung'uta. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Na usinisemeshe."

Kwa hali ya Kijiko, amri hiyo ilikuwa rahisi kutii.

"Mimi yangu," mama mkwe akasema bila kumwelekea mtu yeyote, "yakinichosha nayatoa."

Jioni ile alipewa maji yake ya moto kama kawaida. Akayagusa kwa meno ya mbele, akaruka. Akaomba baridi. Akaruka. Ikabidi yachanganywe, na mkewe aliyachanganya bila kumtazama. Hapo ndipo hofu ilipomshika kweli. Chai haionjwi vuguvugu. Inaonjwa ya moto, na inavutwa pamoja na hewa. Alikuwa amesafisha duka akalifunga.

*

Ijumaa alimwachia msaidizi vikombe vyote, akasingizia mafua, akashinda na skafu mdomoni. Jumamosi hakukuwa na pa kujificha.

Chumba cha kuonjea kilikuwa kimesuguliwa. Vikombe vyeupe vilipangwa kwenye meza ndefu, ndoo ya kutemea ikawekwa kitambaa kipya kwa heshima ya mgeni. Afisa masoko alikuwa na kamera shingoni. Alipomwona Kijiko akitabasamu, akapiga makofi. "Baba! Umekuwa kijana!" Msaidizi akawa mdogo kidogo.

Meneja akamvuta Kijiko pembeni. "Mkataba wako nimeshauchapisha, uko mezani kwangu. Jambo moja tu. Bomba la mtambo wa kukaushia lilivuja wiki iliyopita, na kikombe cha nne kimetoka huko. Wewe kipite juu juu. Sawa, mzee wangu?"

Kijiko akaitikia kwa kichwa. Kila kitu siku hizi aliitikia kwa kichwa.

Mnunuzi akaingia. Alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye pochi kubwa na meno ya kahawia kama ya Kijiko wa zamani. Nusu ya chai ya kiwanda ilikuwa inakwenda kwake. Miaka kumi na moja walikuwa wanafanya biashara kwa simu: Kijiko anaiweka simu mezani, anaonja, anatamka, na mama yule huko aliko anaandika. Hawakuwa wameonana hata siku moja.

"Haya, mwonjaji wenu yuko wapi?" akauliza baada ya salamu.

"Ni huyu, mama."

Mnunuzi akamtazama Kijiko, hasa mdomoni. "Huyu? Mimi naulizia Kijiko. Huyu si wa matangazo?"

"Ndiye Kijiko mwenyewe," meneja akasema huku akicheka sana.

"Mwonjaji wa miaka thelathini, na meno ya namna hiyo? Hajaonja hata maji huyu." Akavuta kiti, akakaa, akaiweka pochi mapajani. "Haya, onja nione."

Kijiko akatoa kijiko mfukoni. Kikombe cha kwanza akakigusa kwa midomo, kidogo kidogo, kama mgonjwa anayebembelezwa dawa. Akasema ni nzuri. Cha pili hivyo hivyo. Cha tatu hivyo hivyo.  Hakuwa ameonja kitu, alikuwa anabahatisha kwa rangi.

Mnunuzi akainuka. "Bwana meneja, umenidharau. Kijiko ninayemjua mimi, akivuta, huku kwangu nasogeza simu mbali na sikio. Huyu anabusu. Yule mwenyewe mmemfanya nini? Kafa? Mmemfukuza mkaniletea wa picha?"

"Mama, nakuapia…"

"Usiape. Avute." Akafumba macho kabisa, akasimama pale katikati ya chumba akitega sikio. "Mimi sura simjui, ila ile sauti naijua. Avute!"

Kilichobaki mbele ya Kijiko kilikuwa kikombe cha nne, na mvuke ulikuwa unapanda. Akamtazama meneja. Akaitazama ile ndoo. Akalikumbuka gego la mkewe, aliloligeuza kuwa tabasamu ambalo sasa lilikuwa linamnyima hata jina lake mwenyewe. Akapiga moyo konde, akachota, akavuta kama alivyovuta siku zote, kwa hewa yote ya chumba.

FYUUUUU!

Moto ukampanda kutoka kwenye ufizi hadi utosini. Machozi yakatoka yenyewe, mawili mawili. Lakini hakuitema haraka. Aliizungusha huku na huku, kwa sababu ndiyo kazi. Kamera ikalia ta-ta-ta. Ndipo akatema.

"Ndiye!" mnunuzi akapaza sauti, macho bado kayafumba. "Ndiye huyo! Sasa nifumbue." Akafumbua. "Mbona analia?"

"Amesisimka, mama," meneja akadakia. "Chai yetu hii humliza."

Kijiko akajipangusa kwa mkono wa shati. Mkataba ulikuwa mezani kwa meneja, umechapishwa. Angenyamaza tu, na kunyamaza alikuwa amekuzoea tangu juzi.

"Sijasisimka," akasema. "Meno yananiuma. Na hii ina moshi."

 Meneja akageuka kutazama dirisha ambalo halikuwa na kitu. Mnunuzi akachukua kijiko kutoka mkononi mwa Kijiko, akachota cha nne, akavuta kwa kelele zisizopungua za mwenzake, akatema.

"Ina moshi," akasema. "Hayo magunia sitaki hata kuyaona. Mengine nachukua yote. Na siku huyu mtakayomstaafisha, na mimi nimestaafu kununua hapa." Akamrudishia kijiko. "Ila wewe nawe, hayo meno ya nini? Ningekuwa nimeshaondoka!"

*

Pakiti mpya zilitoka baada ya wiki tano. Picha aliichagua mnunuzi mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye mwenye maduka: Kijiko anavuta, mashavu yameingia ndani, kijiko cha chuma kimeziba mdomo wote. Machozi waliyafuta, wakaacha chozi moja. Afisa masoko alisema linauza.

Kijiko aliileta ya kwanza nyumbani, akaiweka juu ya cherehani. Mkewe akaigeuza mbele, nyuma, ubavuni.

"Meno yako wapi?"

"Nyuma ya kijiko."

"Hata moja halionekani?"

"Hata moja."

Mama mkwe akaomba aione, akaishika mbali na macho. "Basi zile hela zilifanya kazi gani?"

"Zilinitoa machozi, mama."

"Hata kitunguu kingekutoa," mama mkwe akasema, akairudisha.

Mkataba ulikuja wa miaka miwili. Mmoja meneja aliukata kwa ajili ya moshi. Kwa mshahara wa kwanza Kijiko akanunua bahasha mpya, akaiandika GEGO mwenyewe, akamsindikiza mkewe kwa daktari yule yule, akamshikia mkoba. Daktari akamulika.

"Lingezibika mwezi uliopita, mama. Sasa limeoza hadi mzizi. Ni kung'oa."

 Mkewe alimtazama mumewe mara moja tu, na Kijiko akaona afadhali angetukanwa. Akataka kusema samahani, lakini ilikuwa imechelewa kama lile gego, akasema hivyo hivyo. "Nisamehe, mke wangu. Nilikukosea."

"Mama, unakunywa chai?" daktari akauliza huku akijaza fomu.

"Nakunywa. Ila nyumbani kwangu nakunywa na mama yangu tu."

Daktari akainua macho akamtazama Kijiko, ambaye meno yake yalishaanza kurudi kahawia, na akaonekana kutaka kuuliza jambo. Akarudi kwenye fomu yake.

Kesho yake asubuhi mkewe alichemsha chai, akaiacha ipoe kama daktari alivyomwagiza baada ya kumng'oa, akamimina vikombe viwili. Akanyoosha mkono kuchukua maji ya moto ya mumewe.

"Acha hayo," Kijiko akasema. "Nipe na mimi chai."

Birika likasimama hewani. Mama mkwe akaifikia glasi yake dirishani, akayavaa meno ili ashuhudie akiwa amekamilika.

Kijiko akashika kikombe, akavuta, fyuu, akaizungusha mdomoni. Macho yakaanza kutafuta ndoo. Hapakuwa na ndoo. Palikuwa na mkewe, amesimama na birika, shavu la kulia limevimba. Akameza.

"Ikoje?" mkewe akauliza. Miaka ishirini na tisa alikuwa na swali hilo.

"Umeichemsha mno," Kijiko akasema. "Na majani uliyatia mengi."

Halafu akasukuma kikombe mbele aongezewe. Mkewe akacheka, mdomo wazi, pengo lote nje, wala hakuweka mkono.